Mwamuzi amekataa sare ya mkao uliorudiwa mara tatu: kwa kanuni ipi?

Ndugu wachezaji wenzangu wa sataranji,

Ninaandika nikiwa na hasira, kwa sababu nimenyimwa nusu pointi ambayo kanuni zinanipa bila utata wowote. Katika mashindano ya klabu nilishika nyeupe, nikafungua kwa 1.c4 (yaani kitunda, kete ndogo, hadi mraba wa c4), nikamweka askofu g2 ili yeye na kitunda cha c4 waibane d5, kisha nikasukuma kitunda kingine b4 na b5. Baadaye nilipoteza kitunda, tukabaki na ngome moja kila upande, na mpinzani akawa juu kidogo.

Mfalme wake akiwa f8, nilipeleka ngome b1. Akaenda e7, nami b2. Akarudi f8, nami nikarudi b1. Akaenda e8, nami c1. Aliporejea f8, niliandika hatua ya ngome kwenda b1 kwenye karatasi yangu bila kugusa kete, nikasimamisha saa, nikamwita mwamuzi na kudai sare, kwa sababu mkao wa mfalme wake f8 na ngome yangu b1 ungetokea mara ya tatu.

Mwamuzi hakuurudia mchezo kutoka kwenye karatasi hata hatua moja. Alisema tu kwamba hatua za katikati hazikufanana, akamwongezea mpinzani dakika 2 na kuniamuru nicheze nilichoandika. Adhabu hiyo ni halali pale dai linapokuwa batili, na dai langu halikuwa batili! Kifungu cha 9.2 cha kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, kinahesabu mkao: kete zilezile katika miraba ileile, zamu ya mchezaji yuleyule, na hatua zinazowezekana zilezile. Njia iliyopitwa kufika hapo haihusiki. Mwaka 1971, huko Buenos Aires, Fischer alidai sare ya namna hii dhidi ya Petrosian, wote wawili magwiji wa sataranji, ingawa hatua kati ya marudio zilitofautiana, na akapewa. Mimi nililazimika kuendelea, nikashindwa.

Kilichoniudhi zaidi ni kauli yake kwamba anayeanza kwa c4 huwa anawinda sare tangu mwanzo. Tangu lini ufunguzi wa pembeni, yaani usioanza na vitunda vya katikati, ukawa ushahidi dhidi ya mchezaji? Botvinnik, aliyekuwa bingwa wa dunia, aliutumia huohuo kushinda.

Karatasi yangu ina hatua zote. Nataka kamati ya rufaa ikae na ubao, iupange mkao huo mara zote tatu mbele yangu na mpinzani wangu, kabla ya kuthibitisha jedwali la matokeo.