Daftari la wateja liende kwenye wingu au libaki dukani?

Mtoa mada, Area C, Dodoma mjini

Ndugu wafanyabiashara, naomba tulijadili jambo ambalo siku hizi naulizwa karibu kila wiki. Kazi yangu ni kutunza hesabu za wafanyabiashara wadogo na wa kati, wengi wao wakiwa na maduka ya pembejeo, vifaa vya ujenzi na dawa za mifugo. Kila mmoja wao anafuatwa na wauzaji wa mifumo wanaomshauri aachane na kompyuta ya dukani, ahamishie mauzo, stoo na kumbukumbu za wateja kwenye wingu, yaani kwenye seva (kompyuta kubwa za kuhifadhi taarifa) za kampuni nyingine anazozifikia kwa intaneti, huku akilipia kila mwezi badala ya kununua programu mara moja. Je, tuhame?

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kuupinga asipate tabu ya kuutafuta. Naona kumbukumbu za wateja zihame, lakini kaunta ya mauzo isihame mpaka mwenye mfumo aonyeshe kwa vitendo kwamba duka linaweza kuuza mtandao ukiwa umekatika, na kwamba mwenye duka ataweza kuondoka na taarifa zake zote siku atakayoamua kuondoka.

Sababu ya kutaka zihame niliipata kwa mteja wangu mmoja pale Majengo, ambaye alikuwa na kompyuta moja iliyokaa nyuma ya magunia ya mbegu na kula vumbi la Dodoma kwa miaka mitano. Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na diski ikafa. Nakala ya akiba ilikuwepo, ila ilikuwa kwenye flashi iliyochomekwa katika kompyuta hiyo hiyo, nayo ikaenda pamoja na mengine. Ndani yake mlikuwa na orodha ya wakulima waliochukua mbegu za alizeti kwa mkopo, vijiji vyao, namba zao za simu na kiasi wanachodaiwa. Tulikaa siku nne tukipekua risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi, nyingine zikiwa zimefifia hata hazisomeki. Hizo zilizosomeka zilituambia kilichouzwa, wala hazikutuambia ni mkulima yupi wa Mvumi aliyeahidi kulipa baada ya mavuno. Deni lisilo na jina halidaiwi.

Watoa huduma wakubwa huweka nakala katika vituo vya data zaidi ya kimoja, kwa hiyo diski moja kufa si msiba. Vituo hivyo navyo vimesogea: Microsoft ilifungua vya Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, na Google Johannesburg mwaka 2024. Karibuni tujadili.

Mchangiaji, Kibaigwa

Dada mhasibu, shikamoo kwa uchambuzi, ingawa huenda mimi ndiye mkubwa. Nakubaliana nawe kuhusu flashi, maana hilo ni kosa letu sote. Ninapopingana nawe ni hapo unapoliona wingu kuwa pahali salama pa kumbukumbu za wateja, kana kwamba kumbukumbu hizo si sehemu ya kaunta. Hapa sokoni Kibaigwa, mtu anapokuja na lori kununua mahindi, jambo la kwanza ninaloangalia ni kama anadaiwa. Nisipoweza kuona deni lake, siwezi kumuuzia kwa mkopo, na hapo mauzo yamesimama hata kama mizani inafanya kazi.

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika, na intaneti ikayumba nchini. Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mwenye lori hatalala Kibaigwa akisubiri mtandao urudi. Anavuka barabara na kununua kwa jirani mwenye daftari la karatasi.

Kuna na suala la fedha, ambalo wauzaji hulipitia haraka haraka. Mfumo niliokuwa nautumia ulitozwa kwa dola, kwa kila mtumiaji, kila mwezi. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa takribani shilingi 2,300, na kufikia katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Watumiaji walikuwa wale wale watatu, bei ya dola haikuguswa, na bado shilingi zilizonitoka kila mwezi zilipanda, ilhali gunia la mahindi haliuzwi kwa dola.

Nilipoamua kuacha, niliomba taarifa zangu. Nikakabidhiwa faili la kurasa mia kadhaa, la kusoma na kuchapisha tu, lisilo na historia ya madeni wala maelezo tuliyokuwa tukiandika baada ya kila simu. Binti yangu aliyaingiza majina upya kwa mkono, jioni baada ya jioni, karibu mwezi mzima.

Mchangiaji, Nzuguni

Mimi ni fundi wa mifumo, na nitagusa mawili tu. Kwanza, ipo mifumo inayoendelea kuuza bila mtandao, kwa kuhifadhi mauzo kwenye simu au kompyuta na kuyapeleka kwenye seva mtandao ukirudi. Hata hivyo, kuuza hivyo kuna gharama yake. Nimewahi kuona duka lenye kaunta mbili likiwa na mifuko mitatu tu ya mbegu. Mtandao ukakatika, kila kaunta ikauza mitatu ile ile, na mtandao uliporudi stoo ikasoma hasi tatu, huku mteja mmoja akisubiri mzigo ambao haukuwepo. Anayenunua mfumo aulize kaunta mbili zikigongana nani anashinda.

Pili, mtoa huduma analinda seva zake, lakini funguo za kuingilia ni juu ya mwenye duka. Kuna ofisi nilikuta nywila imebandikwa kwenye fremu ya kompyuta, na kijana aliyeacha kazi Februari alikuwa bado anaingia kwenye mfumo mwezi Juni, kwa simu yake, akiwa kwa mshindani. Hapo wingu haliwezi kulaumiwa.

Mtoa mada

Kaka wa Kibaigwa, shikamoo yako naipokea kwa aibu, na hoja yako ya mkopo naikubali. Nilizitenganisha kumbukumbu za wateja na kaunta kwa urahisi wa mhasibu anayekaa ofisini. Kwa hiyo narekebisha: orodha ya madeni iwe na nakala dukani inayojisasisha kila siku na kusomeka bila mtandao, hata kama asili yake iko kwenye wingu.

Kuhusu nyaya za baharini, kuna njia ya kati ambayo hatuizungumzii vya kutosha, nayo ni seva zilizomo nchini. Kituo cha taifa cha kuhifadhi data kipo Kijitonyama, Dar es Salaam, na safari kutoka hapa hadi kule hupita kwenye mkongo wa nchi kavu, yaani nyaya za intaneti zilizotandazwa nchini. Waya wa baharini ukikatika, seva ya namna hiyo bado inafikika. Intaneti ikizimwa kama ile ya Oktoba haisaidii, na hapo ndipo nakala ya dukani inapohitajika.

Ila sikubali kwamba kubaki dukani kunatuondoa kwenye wajibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu asajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kulinda usalama wa taarifa hizo, na imeweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Muuzaji wa mfumo asiyeweza kukuambia seva zake ziko nchi gani anakuachia wewe mzigo wa kujibu. Mkulima aliyekupa namba ya simu ili umpigie mbegu zikifika hakukuruhusu kuigawa kwa watoa mikopo, iwe imeandikwa kwenye seva ya Cape Town au kwenye kompyuta iliyo nyuma ya magunia.

Yule mteja wangu wa Majengo amepewa mfumo wa kujaribu kwa siku 30. Jumamosi hii tumekubaliana kuchomoa ruta, kile kifaa cha intaneti, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, tuuze kwa kaunta mbili kama kawaida, kisha tuombe taarifa zote za wateja katika faili linalofunguka kwa Excel, madeni yakiwemo. Nitaleta hapa idadi ya mauzo yaliyogongana na muda tuliosubiri faili hilo. Fundi wa Nzuguni, ukiwa na nafasi Jumamosi, njoo uhesabu nasi.