Mzungu aliyejigeuza Mweusi mwaka 1959 ili aonje ubaguzi: sifa anazopewa ni haki yake?

MLETA MADA

Wakuu, kwenye kundi letu la WhatsApp watu wamegawanyika kuhusu John Howard Griffin, na naona mada hii inastahili uwanja mpana zaidi.

Kwa asiyemjua: Griffin alikuwa mwandishi Mzungu wa Mansfield, Texas, huko Marekani. Mwishoni mwa 1959 alikwenda New Orleans, daktari wa ngozi akampa dawa wanayopewa wenye mbalanga, akakaa chini ya taa maalumu mpaka ngozi ikaiva, akajipaka rangi na kunyoa kipara. Jina hakubadili. Lafudhi hakubadili. Kisha akapanda mabasi kuzunguka majimbo ya Kusini, yaani Louisiana, Mississippi, Alabama na Georgia akiishi kama Mweusi. Makala zake zilitoka 1960 kwenye Sepia, jarida lililosomwa na Weusi, na kitabu kikafuata 1961.

Sikatai kwamba alijitosa. Aprili 1959, kijana Mweusi Mack Charles Parker alitolewa kwa nguvu katika jela ya Poplarville, Mississippi, akauawa na maiti yake ikatupwa mtoni. FBI walichunguza, lakini baraza la wazee wa mahakama la kaunti likakataa kumshitaki mtu hata mmoja. Habari ya kukataa huko ilitoka Griffin akiwa New Orleans, naye akakata tiketi ya kwenda huko huko Mississippi. Njiani basi liliposimama watu wajisaidie, dereva aliwaacha Wazungu washuke, kisha akasimama mlangoni akawazuia Weusi. Watu wazima, wengine wazee, wakarudi vitini na haja zao. Na alipotangaza alichofanya, watu wa mji wake walitundika sanamu yake mtaani kana kwamba wanamnyonga, mpaka familia ikahamia Mexico.

Ninachohoji ni hiki: kufikia 1959, Mmarekani Mzungu alikuwa hajaambiwa nini? Ida B. Wells, mwandishi Mweusi, aliandika tangu 1892 juu ya mauaji ya umati, yaani Weusi kuuawa na makundi ya watu bila hukumu ya mahakama, na ofisi ya gazeti lake Memphis ikavunjwa kwa sababu hiyo. Weusi wa Montgomery, Alabama, waligomea mabasi siku 381, kuanzia Desemba 1955. Walisema mahakamani, makanisani, magazetini. Kila kitu alichokiona Griffin, wenyewe walikuwa wamekisema, tena kwa kirefu. Ushahidi ule ule ulipotoka kinywani mwa Mzungu ndipo ukawa habari.

Tena hakuwa wa kwanza. Mwaka 1948 Ray Sprigle, mwandishi wa Pittsburgh, alizunguka Kusini kama Mweusi, na yeye ngozi yake ilibabuka tu kwa jua la Florida. Hakuna dawa wala rangi. Kilichomfanya aonekane Mweusi ni kwamba alifuatana na John Wesley Dobbs, mzee Mweusi mwenye heshima kubwa Atlanta. Mtu anayekaa na Weusi, anayekula na Weusi, na kulala kwao, nani angemdhania Mzungu? Lifikirieni hilo kidogo, wakuu. Mfumo mzima uliosema ubaguzi ni suala la damu na maumbile haukuweza hata kumtambua mtu wake. Dobbs ndiye aliyejua milango ya kubisha na watu wa kuuliza. Jina lililokaa juu ya makala ni la Sprigle.

Msimamo wangu: watu hawa walikuwa jasiri, lakini tukiwaweka juu ya mashahidi wenyewe tunaendeleza ubaguzi ule ule waliokwenda kuuchunguza. Karibuni.

MCHANGIAJI, MOMBASA

Mleta mada, umemwonea marehemu. Aisifuye mvua imemnyea. Griffin angeweza kukaa Texas na kuandika makala nzuri ya huruma, watu wakampongeza, yakaisha. Alikwenda ikamnyea. Halafu unasema Weusi walikuwa wamekwisha sema. Ni kweli, lakini Mzungu aliyekuwa hasomi gazeti la Weusi angeyajulia wapi? Ukweli unafika kwa njia iliyopo. Kama njia iliyokuwepo 1961 ilikuwa huyu bwana, mimi naipokea.

MLETA MADA

Ndugu yangu wa Mombasa, ilimnyea, lakini alikuwa na kwao pa kukaukia. Wiki chache, basi, akaacha dawa, rangi ikapauka. Yule aliyebanwa na mkojo pamoja naye kwenye basi alishuka Hattiesburg, mji wa Mississippi, akabaki Hattiesburg.

MCHANGIAJI, MINNEAPOLIS

Naomba nichangie kama mtu Mweusi ninayeishi huku Marekani. Nilipokuwa natafuta nyumba ya kupanga nilipiga simu, mama mmoja akaniambia ipo, njoo leo hii. Nilipofika na dada yangu, akatuangalia kutoka miguuni mpaka kichwani, akasema imeshachukuliwa. Jioni mwenzangu wa kazini, Mzungu, akapiga namba ile ile. Akaambiwa ipo, tena akaulizwa anataka kuhamia lini.

Ndipo nikajifunza kwamba huku jambo hili lina utaratibu wake wa kisheria. Sheria ya makazi ya 1968 inakataza kumwambia mtu nyumba hakuna, wakati ipo, kwa sababu ya rangi yake. Mashirika ya haki hutuma wapimaji wawili, Mweusi na Mzungu, wenye kipato na maelezo yanayofanana, kisha wanalinganisha walichoambiwa. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Havens Realty, iliyotoka Virginia: mpimaji Mweusi aliyedanganywa ana haki ya kushitaki hata kama hakuwa na nia ya kupanga. Yule wa Kizungu hakuwa na dai la namna hiyo, kwa kuwa yeye aliambiwa ukweli. Aliyedanganywa ndiye mwenye kesi. Hakuna aliyejipaka chochote, na Mweusi anazungumza kwa mdomo wake. Kwangu hiyo inatosha.

MCHANGIAJI, NAIROBI

Mmesahau ya karibu zaidi. Mwaka 2009 Mjerumani Günter Wallraff alijipaka weusi akazunguka Ujerumani kwa ajili ya filamu, akijifanya Msomali. Miaka ya 1980 alikuwa amejifanya kibarua wa Kituruki, na kazi ile ilifichua mateso ya kweli viwandani, hilo nampa. Lakini huyu Msomali wake alimpa jina gani? Kwami Ogonno! Nenda Eastleigh leo, simama barabara yoyote, uulize Msomali anayeitwa Kwami Ogonno. Mtu anadai ameishi ndani ya ngozi yetu na hakumuuliza hata Msomali mmoja watu wao wanaitwaje. Weusi wa Ujerumani walimpinga hadharani, na walikuwa na haki.

MCHANGIAJI, MOMBASA

La Wallraff nakubaliana nanyi. Lakini msimtie Griffin kapu moja naye. Griffin mwenyewe baadaye alilalamika kwamba viongozi wa miji walimwita yeye awaeleze Weusi wa mji wao wanataka nini, na Weusi wenyewe wako pale pale, hawajaulizwa. Kwa hiyo hoja yako, mleta mada, yeye aliiona kabla yako.

MLETA MADA

Aliiona, na ndiyo maana namheshimu kuliko hao wengine. Ila niruhusuni niwape mtu mmoja ambaye hatajwi sana katika mijadala hii. Walter White, mzaliwa wa Atlanta mwaka 1893, alikuwa Mweusi kwa ukoo lakini ana nywele za dhahabu na macho ya buluu. Akitumikia NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, aliingia Kusini kama Mzungu na kuchunguza mauaji 41 ya umati, akikaa na wauaji wenyewe wakimsimulia kwa majigambo. Mwaka 1919 alikwenda Arkansas, kaunti ya Phillips, baada ya wakulima Weusi wengi kuuawa kwa sababu ya kujiunga na chama chao. Mweusi mmoja akamnong'oneza barabarani kwamba ameshajulikana. Akadandia treni ya kwanza. Ndani, kondakta akamwambia anaondoka wakati tamasha ndiyo linaanza, kwani kuna Mweusi anayejifanya Mzungu na vijana wanamtafuta.

Huyu naye alivuka mstari kwa kujificha. Lakini angekamatwa hakuwa na ngozi nyingine ya kurudia, na taarifa alizoleta zilikuwa za watu wake na chama chao, kwa ajili ya kupigania sheria bungeni dhidi ya mauaji hayo. Ndugu wa Mombasa, mwandishi Mzungu wa leo akikuuliza ushauri, mwambie asihangaike na rangi. Aende Minneapolis, akae na mchangiaji wetu aliyenyimwa nyumba, ampigie simu yule mama akiwa pembeni yake, na jina la mchangiaji huyo, akiridhia, litangulie lake juu ya makala.