Miezi minne mama yangu kijijini anakatwa salio la nyota na dondoo za mapenzi. Nani alimuuliza?

Wakuu, nawasalimu. Niko Moshi, nina kaduka ka vyombo vya plastiki pale Mbuyuni. Nilitaka hasira zipoe kwanza ndipo niandike. Wiki imeisha na hazijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Mama yangu ana miaka 71. Anaishi Uru, kwenye kihamba alichoachiwa na marehemu baba, ana ng'ombe wawili wa maziwa, migomba na kahawa kidogo. Simu yake ni kitochi. Anaitumia kutupigia sisi watoto na kumpigia mnunuzi wa maziwa, basi. Hajawahi kuandika meseji maishani mwake. Meseji ikiingia anampa mjukuu amsomee, kijana wa dada yangu, yuko kidato cha pili na anaishi naye.

Tangu mwezi wa tatu mama akawa analalamika kwamba vocha haikai. Namrushia 1,000 leo, kesho ananiambia imeisha na hajampigia mtu. Mimi nikasema labda anasahau kukata simu. Dada akasema ni haya mambo ya vifurushi. Ikaendelea hivyo mpaka siku moja mmoja wetu akauliza, "Kwani hiyo simu huwa inashikwa na nani mwingine?" Inashikwa na mjukuu. Kuanzia hapo kila mtu akawa ameshamjua mwizi.

Tulimgombeza sana yule mtoto. Mimi mwenyewe nilimpigia nikamwambia bibi yako anakulea na wewe unamwibia vocha. Akanijibu, "Mjomba, sijagusa." Nikamwambia usibishane na mimi. Mama yake naye akampigia, akamsema mpaka akalia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela yote nitakayoitaja hapa chini.

Sasa sikilizeni kilichotokea mwezi uliopita. Ng'ombe mmoja alikuwa karibu kuzaa. Jioni nikamrushia mama 1,000 nikamwambia hii usiiguse, ni ya kumwita bwana mifugo ikibidi. Vocha ilipoingia, zikakatwa 550 za salio alilokopa wiki iliyotangulia. Hilo silalamikii, alikopa, alitakiwa kulipa. Zikabaki 450. Usiku wa manane ng'ombe akashikwa na uchungu, ndama amekaa vibaya. Mama akapiga. Bwana mifugo akapokea, akasema haloo, mama akaanza kujieleza, simu ikakata. Hakukuwa na salio.

Yule yule mtoto tuliyemwita mwizi ndiye aliyetoka mbio gizani kwenda kugonga kwa jirani kuomba simu. Bwana mifugo alipofika ndama alikuwa ameshakufa, ng'ombe tukamwokoa. Siwezi kuapa kwamba ndama angepona. Ninachosema ni kwamba mama aliweka akiba ya kupiga simu moja tu, na hata hiyo moja ikachukuliwa.

Jumamosi iliyofuata nikapanda Uru, nikaishika ile simu na kufungua meseji. Boksi limejaa meseji. "Nyota yako leo: Mapacha, tarajia ugeni." "Mpenzi wako akinuna mfanyie hivi." Matokeo ya mpira wa Ulaya. Mamia ya meseji za namna hiyo kwa mwanamke wa miaka 71 ambaye saa kumi na moja alfajiri yuko bandani anakamua. Kila meseji imetoka namba fupi ya tarakimu tano, na mwisho kabisa imeandikwa bei. Nyota 150 kwa siku, mapenzi 150 kwa siku, mpira 100 kwa siku. Ni 400 kila siku inayopambazuka. Rudini kwenye zile 450 za jioni ile, toeni 400, ndipo mtajua kwa nini simu ilikata kwenye haloo.

Na hata ile 550 ya mkopo mama aliikopa kwa sababu salio lake la mwanzo lilikuwa limeshaliwa na hizi hizi huduma. Wanamkata mpaka anakopa, akikopa analipa na ada juu, akilipa wanamkata kilichobaki.

Nikashuka chini kabisa kwenye meseji za mwezi wa tatu. Nikaikuta moja: "Hongera! Umejiunga na huduma ya nyota." Nikamuuliza mama alijiungaje. Akanieleza vizuri tu, wala hakubabaika. Kuna maandishi huwa yanatokea yenyewe katikati ya kioo, yanaziba kila kitu, hawezi kupiga wala kuona saa mpaka abonyeze kitufe. Akawa anabonyeza ili yaondoke. Kitufe alichozoea kubonyeza ni cha kushoto, na kushoto ndiko kulikoandikwa Sawa.

Hiyo ndiyo ridhaa yao. Mzee amebonyeza kitufe ili aone saa.

Nikajaribu kumtoa. Meseji inasema tuma neno ONDOA. Nikatuma, haikwenda kwa sababu salio halitoshi. Nikaweka 500. Kabla sijamaliza kuandika neno lenyewe zimekatwa 400. Nikatuma tena kwa zile 100 zilizobaki, likaja jibu kwamba neno nililotuma halitambuliki. Mimi nimesoma, natumia simu kila siku kazini, na nilitumia karibu saa nzima. Mama angefanyaje? Na wazee wangapi huko Kibosho, Machame, Rombo na Same hawana hata wa kuwashikia simu?

Jumatatu nikafunga duka, nikamteremsha mama mjini mpaka ofisi ya mtandao wake. Siutaji mtandao, maana najua wenye laini za mitandao mingine nao wanaumia. Tukachukua namba, tukasubiri, tukafika dirishani. Dada wa pale alikuwa na adabu, simlaumu yeye. Akaangalia kwenye kompyuta akasema, "Mama, huduma hizi umejiunga mwenyewe, mfumo unaonyesha ulikubali." Mama akamwambia, "Mwanangu, mimi nyota za kazi gani?" Dada akanyamaza.

Nikamwomba jumla ya makato tangu mwezi wa tatu. Akahesabu, ikaja shilingi 23,450. Nikaomba irudishwe. Akasema wanaweza kurudisha za siku ile tu, 400, kwa sababu hizi huduma siyo za kwao, ni za makampuni ya nje yanayotumia mtandao wao.

Hapo ndipo nilipopandisha sauti, na sijutii. Hela ya mama imewekwa kwenu, salio liko kwenu, anayelifungua na kulitoa ni nyinyi. Hayo makampuni ya nje hayana mkono wa kufika kwenye salio la mama yangu ila kwa mkono wenu. Halafu muda wa kurudisha unaniambia nikamtafute mtu ambaye hata jina lake halimo kwenye meseji?

Nilipotoka pale nikaanza kusoma, nikakuta wenzetu Marekani walishapita hapa hapa. Wao wengi hulipia simu kwa bili ya mwezi, kwa hiyo makato yalikuwa yanafichwa ndani ya bili. Mwaka 2014 tume yao ya biashara, FTC, iliishtaki T-Mobile kwa kuwatoza wateja huduma za meseji ambazo hawakuziomba, nyingi kwa dola 9.99 kwa mwezi. Huduma zenyewe? Nyota, mbinu za kutongoza na umbea wa watu maarufu. Nilisoma mara mbili, maana ni kama mtu aliyeshika simu ya mama yangu. Tena FTC ikasema kampuni ya simu ilikuwa inabaki na asilimia 35 hadi 40 ya kila makato. Mwaka ule ule AT&T ikakubali kulipa dola milioni 105, T-Mobile isiyopungua milioni 90. Mwaka 2015 ikafuata Verizon milioni 90 na Sprint milioni 68, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitengwa kwa ajili ya kuwarudishia wateja. Hakuna aliyekubaliwa kuondoka kwa kusema huduma siyo yangu.

Sijui mgawanyo wa hapa kwetu ukoje na sitasema nisichokijua. Ila nauliza kwa sauti: katika zile 23,450 za mama, mtandao umebaki na ngapi?

Kitu kingine kinanitia uchungu. Sisi wote tulipanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA, tukatishwa kufungiwa, na kweli Januari 2020 laini zikaanza kuzimwa. Mama alipelekwa kwa bodaboda mara mbili kwa sababu vidole vyake vimesuguliwa na jembe, mashine haivisomi. Yaani ili awe na laini lazima ithibitike kwamba ni yeye. Akitaka kumtumia mtu 2,000 lazima aweke namba ya siri. Lakini kumkata 400 kila siku mpaka afe, kitufe kimoja alichobonyeza kwa bahati mbaya kinatosha. Namba ya siri ipo, wameijenga wenyewe, watu wote wanaijua mpaka mama yangu. Waiweke na hapa! Mtu anayetaka nyota kweli ataweka namba yake ya siri, atajiunga, alipe kwa raha zake. Wasiotaka wataachwa.

Najua wapo watakaosema nitume kwenye 15040. Ile namba ni ya kuripoti matapeli, wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Huyu wa kwangu hajajificha, ana namba fupi aliyopewa rasmi na makato yake yanapita kwenye mfumo halali. Kwa hiyo njia ni ya malalamiko: unaanza na mtoa huduma wako, usiporidhika unakwenda TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano. Kanda ya Kaskazini ofisi iko Arusha. Kutoka Moshi ni kama kilomita 80, nauli kwenda na kurudi, duka limefungwa, kwa ajili ya 23,450. Na hapo ndipo wanapotushindia, kwa sababu nani atafunga kazi kufuata shilingi 150? Nitafunga. Barua nimeshaiandika, nimeambatanisha picha za meseji na namba ya lalamiko niliyopewa dirishani. Nimetaja Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na nimetaja ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, maana nataka nielezwe pia namba ya mama yangu ilifikaje kwa hao wa nyota.

Nawaomba na nyinyi leo mkiwapigia wazazi msiishie kuuliza hali. Mwambie mtu aliye karibu nao afungue meseji aangalie namba fupi. Halafu piga huduma kwa wateja ukiwa na laini husika, usiulize "mbona salio linaisha", watakwambia habari za kifurushi. Uliza hivi: nitajie huduma zote za meseji za kulipia zilizounganishwa na namba hii, tarehe ya kujiunga, na zimekata jumla ngapi. Waambie wazitoe zote na wazuie nyingine zisiungwe. Usikate simu bila namba ya lalamiko. Kwa mama yangu zilitoka tatu siku ile ile, kwa hiyo uwezo wa kuzitoa wanao.

Wengine wataniambia nimhamishe mtandao, kwa vile tangu 2017 unahama na namba yako ile ile. Nimefikiria. Lakini wenye mitandao mingine wananiambia hadithi ni hii hii, na nikimhamisha mimi nani atamhamisha jirani yake?

Yule mtoto nilimfuata shuleni siku ile ile ya Jumatatu. Nikamwambia nilikosea, na nikampigia mama yake mbele yake ili asikie kwamba nimemwambia. Hakusema kitu. Aliitikia kwa kichwa akarudi darasani.

NAONGEZA, Alhamisi usiku: mama kanipigia sasa hivi. Maandishi yametokea tena katikati ya kioo, safari hii ni ya maombi ya kila siku. Hakubonyeza. Amezima simu kwa kutoa betri, akaiwasha upya ndipo akanipigia. Ni siku ya tatu tu tangu waniambie wamemtoa kwenye kila kitu. Naiongeza kwenye barua, na kesho asubuhi napanda gari la Arusha. Wenye meseji za aina hii wekeni hapa chini maneno yalivyoandikwa na kiasi mlichokatwa, msiweke namba zenu za simu. Nitachapisha zote nibebe pamoja na yangu.