Premio 260: rimu za inchi 15 za Prius, inchi 16 za Subaru au inchi 17 mpya za dukani?

baba_neema (Dar)

Wakuu habari za jioni. Gari ni Premio ya 2008, umbo la 260, cc 1800. Wiki mbili zilizopita natoka Korogwe usiku, kabla sijafika Segera nikaingia kwenye shimo. Gurudumu la mbele kushoto likalia "paa!" lakini tairi halikupasuka, nikaendelea na safari. Kumbe iliyoumia ni rimu. Ukingo wa ndani umekunjika na una ufa mwembamba kama unywele. Tangu hapo kila asubuhi najaza upepo kabla ya kwenda kazini. Fundi wa kwanza kasema ananyoosha na kuchomelea, wa pili kasema nisithubutu.

Nimeamua ninunue seti nzima, maana hata mama Neema rimu hizi hajawahi kuzipenda. Nimezunguka Ilala na Gerezani nimepata tatu. Kuna rimu za inchi 15 zilizotoka kwenye Prius, mtumba wa Japani, zina na matairi yake. Kuna 16 za Subaru Impreza, nzuri kwelikweli, matundu matano, muuzaji kasema "zinaingia hizo, Subaru na Premio ni ndugu". Halafu kuna 17 mpya za dukani, nyeusi, zinatolewa na tairi 215/45.

Gari ni la familia. Watoto watatu, mama yao, mimi, na kila Desemba tunapanda Moshi buti likiwa halifungi. Kurudi ni ndizi na maparachichi. Nichukue ipi?

chini_kabisa

17 mkuu, unajiuliza nini. Premio ikivaa 17 nyeusi inakuwa gari nyingine. Hizo 15 waachie wa Uber.

mama_balansi (Morogoro)

Baba Neema pole. La kuchomelea lisahau. Rimu ya chuma ikikunjika tunaigonga inarudi, maisha yanaendelea. Ya aluminiamu ikishapata ufa, ule moto wa kuchomelea unaidhoofisha palepale, na kwako palepale ndipo tairi linapokaa. Gari lina watoto hilo.

Sasa, hujatuambia cha maana. Inchi ni kitu cha mwisho kuangalia. Vua gurudumu moja ligeuze, soma nyuma ya mikono ya rimu. Utakuta kitu kama 15x6J, yaani kipenyo inchi 15 na upana inchi 6, na pembeni namba kama 45. Kisha rudi kwa wale wauzaji watatu usome na zao. Tundu la kati pima kwa kalipa (kile kipimo cha milimita cha fundi), usimsikilize mtu.

Na matundu ya nati usiyahesabu tu, pima. Rimu ya matundu matano, toka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu lisilo jirani yake, yaani unaruka moja. Ukipata milimita 95 hiyo ni 5x100, yaani matundu matano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100, ndiyo ya Premio yako. Ukipata karibu 109 hiyo ni 5x114.3, ya Mark X, Camry na Nissan nyingi. Kwa macho zinafanana kabisa, ndiyo maana watu wanauziwa.

juma_spea

Mimi niliuziwa. Nilichukua za Mark X nikaweka kwenye Allion. Jamaa akaniambia nati mbili zitaingia vizuri na tatu "tutazilazimisha". Zikaingia kweli! Siku ya nne stadi (ile bolti inayofungwa nati) ikakatika nikiwa Mbezi, bahati nzuri nilikuwa kwenye foleni.

baba_neema (Dar)

Nimerudi na majibu, nimeshinda juani leo. Yangu ya zamani imeandikwa 15x6J, 45. Za Prius vilevile, 15x6J, 45. Subaru ni 16x6½, namba 55. Zile za dukani zimeandikwa 17x7, ET38, na zina matundu KUMI. Dada wa dukani kasema ni za gari lolote. Tundu la kati la yangu kalipa inasoma 54 na kidogo, Prius hivyohivyo, Subaru 56, za dukani 73.

mama_balansi (Morogoro)

Hapo sasa tunaongea.

Ile namba ya mwisho ndiyo ofseti. Ni umbali wa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapokalia habu, yaani kitovu cha gari kinachoshika gurudumu. Ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani kuelekea shokapu. Ikiwa ndogo, linatoka nje kuelekea fenda. Tufanye hesabu na rimu yako ya zamani ndiyo kipimo.

Prius: hakuna cha kuhesabu. Upana uleule, ofseti ileile, tundu lilelile la 54.1, na tairi la kwao ni 195/65R15. Gari halitajua kama limebadilishiwa kitu.

Subaru: matundu ni 5x100 kweli, muuzaji hakudanganya. Ila rimu imeongezeka upana nusu inchi, maana yake milimita 6 kila upande, halafu ofseti imeongezeka 10. Jumla ukingo wa ndani unasogea karibu milimita 16 kuelekea mguu wa shokapu. Kachungulie nyuma ya gurudumu lako uone nafasi iliyopo pale, kisha uniambie kama una milimita 16 za kuchezea.

Hizo 17: upana umeongezeka inchi nzima, ofseti imeshuka 7. Ndani zinaingia karibu milimita 6, nje zinatoka karibu 20. Ukiwa peke yako mjini utaziona zimejaa vizuri. Siku ya Moshi, watu watano na buti la ndizi, nyuma inashuka, tairi litakula fenda kila tuta.

chini_kabisa

Unapiga fenda nyundo kidogo inakunja ule mdomo wa ndani, biashara imekwisha. Wengi tunafanya.

mama_balansi (Morogoro)

Wewe gari lako lina watu wangapi ndani?

chini_kabisa

Mimi na spika 😂

wa_thika (Kenya)

Nimeishi na 17 kwa Premio miaka miwili, wacha niseme vile ilikuwa. Ukitoka 195/65R15 (upana 195 mm, ukuta asilimia 65 ya upana, rimu inchi 15), ukuta wa tairi ni kama 127 mm. Ukiweka 205/55R16 ni 113. Ukiweka 215/45R17 unabaki na 97. Hiyo 30 mm umepoteza ndiyo ilikuwa inakuokoa kwa shimo. Sasa fikiria, shimo la Segera lilivunja rimu ukiwa na 127.

Mimi nilikunja mbili kabla ya mwaka kuisha. Mafundi wa Kirinyaga Road, Nairobi, walikuwa wananijua kwa jina. Nilirudi 15 na bibi yangu (mke) akaniuliza kama nimebadilisha shocks.

Kuhusu urefu wa gurudumu zima hakuna shida. 15 yako ni kama 634 mm, 205/55R16 ni 632, 215/45R17 ni 625. Spidomita itapotea asilimia moja na nusu tu na 17. Lakini akikuuzia 215/50R17 hiyo ni 647, hapo spidomita itasoma chini ya mwendo wako wa kweli, na nafasi ndani ya fenda inapungua zaidi.

mswahili_muscat

Salaam aleikum. Nyongeza ndogo ambayo wengi wanapitwa nayo: uzito. Tazama namba baada ya ukubwa wa tairi. 195/65R15 ya kawaida ni 91, yaani kilo 615 kwa tairi. 215/45R17 ipo ya 87, hiyo ni kilo 545, na ipo ya 91 yenye alama ya XL, iliyoimarishwa kwa mzigo. Ukipewa ile ya 87 umepunguza kilo 70 kila gurudumu na wewe umejaza watu watano na ndizi. Huku kwetu kiangazi lami inachoma, tairi lililozidiwa uzito halikupi onyo, linafumuka tu.

baba_neema (Dar)

Aleikum salaam ndugu. Nimepiga simu dukani sasa hivi, za kwao zimeandikwa 87V. Ahsante sana.

Naona 17 imeshakufa. Mama_balansi, Subaru nikiweka spesa (lile bamba la kati ya rimu na habu) ya milimita 10 si inarudi sawa? Nazipenda kweli zile.

fundi_kibaha

Nijibu hilo mimi. Spesa ya 10 inakula nyuzi za stadi. Nati inabaki imeshika mizunguko michache, sawa na kufunga mlango kwa uzi. Ukitaka kufanya kihalali unabadilisha stadi ziwe ndefu zote 20 na unatafuta spesa yenye shingo ya katikati inayokalia habu. Ukishajumlisha gharama, ungenunua seti mbili za Prius.

Halafu tundu la kati. Subaru ni 56.1, habu yako ni 54.1. Inaingia, ila haikalii, inaelea milimita moja kila upande na kuning'inia kwenye nati. Matokeo yake ukifika 80 usukani unaanza kutetemeka, unaenda balansi mara tatu na fundi wa balansi unamtukana bure. Dawa ni pete za kuziba hiyo nafasi. Zile za dukani za 73 ndiyo zinahitaji pete nene. Kinyume chake hakuna dawa: rimu ya Toyota ya 54.1 kwenye Subaru haiingii kabisa, inagota kwenye habu.

Na nati zako usibadilishe ati kwa sababu rimu ni za Subaru. Stadi ni za gari lako, uzi wa 12 kwa 1.5. Subaru ni 12 kwa 1.25. Ukilazimisha kwa spana ya upepo utaua stadi zote na utajua umeua siku ya kuvua.

juma_spea

Fundi, na kiti cha nati?

fundi_kibaha

Umefanya vizuri kunikumbusha. Rimu nyingi za aluminiamu za Toyota zenyewe zinatumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Rimu za chuma na nyingi za dukani zinatumia nati ya mdomo wa koni. Ukifunga koni kwenye tundu la washa bapa, inagusa ukingo tu, unaona imekaza, kumbe haijashika. Baba Neema, ukienda kuchukua za Prius beba nati moja yako, itumbukize kwenye tundu uangalie inavyokaa. Ikikaa vibaya dai nati za rimu hizo hizo.

mama_balansi (Morogoro)

Na mimi nina moja ya mwisho kwa Baba Neema, na ni kubwa. Umesema za Prius zina matairi yake. Soma ubavuni. Ukiona neno STUDLESS, hayo ni matairi ya theluji ya Wajapani. Mpira wake ni laini na una mikatomikato midogo kama mkate wa slesi. Yanavutia kwa sababu bado yana meno marefu. Kwenye lami ya Dar yanakwisha kama kifutio, na mvua ikinyesha breki zake si za kuaminika. Pia tafuta zile tarakimu nne mwishoni mwa DOT, namba ya kiwandani iliyo ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23, mwaka 2019.

baba_neema (Dar)

Aisee. Nimetuma kijana akapige picha. STUDLESS, herufi kubwa kabisa. Na tarehe 4116.

mswahili_muscat

Lipa rimu, matairi mwachie abandike kwenye mbuyu.

baba_neema (Dar)

Wakuu, mrejesho. Nimechukua za Prius bila matairi, muuzaji kanuna lakini bei kashusha. Zina yale makava ya plastiki juu. Nikayatoa, chini yake kuna rimu ya mikono mitano, safi, nikaipiga rangi ya kijivu. Nimeangalia alama nyuma, kuna JWL, fundi kasema hiyo ni ya viwango vya Japani. Nikanunua tairi mpya 195/65R15 91H nne.

Nati zangu zilikaa vizuri. Fundi alitaka kufunga kwa mashine ya upepo, nikamwomba atumie spana ya kipimo, tukafunga Nm 103 kwa mtindo wa nyota. Alinitazama kama nimetoka sayari nyingine. Nimeendesha Bagamoyo na kurudi, nikakaza tena. Magurudumu matatu nati hazikusogea, la nyuma kushoto nati moja ikaingia robo ya mzunguko. Nikiwa 100 usukani naushika kwa vidole viwili, hautetemeki.

Mama Neema kazizunguka mara mbili, kasema "hizi angalau", akaingia ndani.

chini_kabisa

"Angalau" ya mke ni pongezi hiyo mkuu. Zile za zamani tatu nzima unauza?

baba_neema (Dar)

Moja inabaki spea. Mbili njoo inboksi. Ila wewe si ulisema 15 ni za Uber?

chini_kabisa

Ni za gari la mama yangu bana.