Fundi wa AC Kigamboni: huyu wa 70,000 au yule wa 180,000?

Mama Naila (Kibada, Kigamboni)

Habari zenu wadau. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Mama yangu ana presha na amehamia kwetu. Nyumba ni ya bati na dari ya jipsamu, dirisha lake linatazama magharibi, na kuanzia Desemba hadi Machi chumba kile hakilaliki. Kina mita 4 kwa 4. Nataka kumfungia AC.

Fundi wa kwanza, niliyeletewa na jirani, anataka 70,000 na nyingine 60,000 ya "kujaza gesi". Leseni hana. Wa pili ana leseni ya EWURA (mamlaka ya nishati na maji), anataka 180,000 na hashuki. Dukani nako wananisukuma nichukue ya BTU 24,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Mama atakuwa analala peke yake na hiyo mashine usiku kucha, ndiyo maana naogopa kubahatisha. Nimuulize fundi maswali gani nijue kwamba kazi anaijua?

fundi_majokofu (Temeke)

Dada, mfikishie mama shikamoo yangu. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, nilisoma VETA Chang'ombe, na hii ndiyo kazi inayonilisha.

Ile 60,000 ya gesi usiitoe. AC mpya ya ukutani inatoka kiwandani na gesi yake, imefungiwa ndani ya mashine ya nje, na inatosha urefu wa bomba ulioandikwa kwenye kitabu chake. Mashine ya nje ikikaa nyuma ya ukuta wa chumba hicho hicho, hakuna cha kuongeza. Wala gesi ya AC haiishi kama ya kupikia, inazunguka tu humo humo. Ikipungua ujue imevuja, na fundi anayejaza bila kutafuta panapovuja atarudi kuchukua hela zako tena.

Leseni ya EWURA ni ya kufunga umeme. Ina madaraja mbalimbali. Usiridhike na picha ya kwenye simu. Soma jina, linganisha na kitambulisho chake, tazama kama muda haujaisha. Hiyo inakulinda na vishoka, mafundi umeme wasio na leseni, na AC ni mzigo mkubwa, si taa. Inataka waya wake peke yake kutoka kwenye meni swichi, breka yake, na ethi (waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini) inayofanya kazi. Nyumba nyingi tunazoingia zina soketi ya matundu matatu lakini nyuma ya soketi ethi haipo. Mashine ya nje ni ya bati, inanyeshewa, na watoto wanaishika. Kwa hiyo mwambie apime ethi mbele yako kabla hajatoboa ukuta.

Ila leseni hiyo haikwambii kama mtu anajua upande wa gesi. Hapo ndipo ninapotaka ukaze. Muulize: "Una pampu ya kuvuta hewa?" Bomba la shaba likishaunganishwa lina hewa na unyevunyevu wa Kigamboni ndani yake. Kazi sahihi ni kuunganisha pampu na geji, kuvuta hewa yote, kuzima pampu na kusubiri uone kama mshale unabaki pale pale. Ukipanda, kuna mahali panavuja. Wasio na pampu wanafungua gesi ya mashine kidogo isukume hewa nje, dakika moja kazi imeisha. Hewa inatoka, lakini maji yanabaki. Maji hayo yakichanganyika na oili na joto la kompresa yanazaa asidi, na AC itapoa vizuri tu msimu wa kwanza. Itakapokufa, fundi utamtafuta wapi?

Halafu asome kibandiko cha mashine. Nyingi mpya zina gesi ya R-32, ambayo inaweza kushika moto. R-22 ni ya zamani, inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Anayekwambia gesi zote ni sawa, mshukuru, mfungulie geti aende.

BTU 24,000 kwa mita 16 za mraba ni kubwa mno. Chumba kitapoa haraka, mashine ipumzike kabla haijakausha hewa, mama alale kwenye baridi yenye unyevu. Hata kwa bati na jua la jioni, 12,000 inatosha.

Bi Rukia (Mombasa)

Huku kwetu leseni ya fundi wa umeme yatoka EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, lakini hayo ya pampu ni yale yale. Mimi naongeza la chumvi. Nakaa karibu na bahari Bamburi, na mashine ya nje yaliwa na kutu upesi. Dada, uliza kama mapezi yake, vile vibati vyembamba vya kupozea, yamepakwa dawa ya kuzuia chumvi, na vyuma vya kuibebea viwe vya kuhimili kutu. Bei uiandike: bomba mita ngapi, ni la shaba au aluminiamu, kutoboa, rangi, dhamana ya kazi. Risiti usiiache.

Mama Naila

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimempigia wa kwanza, pampu hana, anasema si lazima. Wa pili anayo, na amesema nisimame nitazame geji. Swali la mwisho: jioni huku umeme unashuka mpaka feni inazunguka polepole. AC itavumilia?

fundi_majokofu

Basi chukua wa pili. Kwenye 180,000 yake mwombe aingize bomba la shaba la mita 3, na trankingi, kile kifuniko cha plastiki cha kuficha bomba, mwambie aiache kama hela inabana. Hiyo ni urembo, unaweza kuongeza baadaye.

Kwa umeme unaoshuka, nunua gadi ya AC yenyewe, si ile ndogo ya friji, haibebi mzigo huo. Inakata umeme ukishuka au kupanda mno, na ukirudi inachelewesha dakika chache ili kompresa isishtuke. Kama voltiji inashuka kila jioni, toeni taarifa TANESCO kama mtaa, maana gadi inakata tu, haiongezi umeme.

Akimaliza, kabla hujamlipa, mwambie amimine maji ya chupa kwenye beseni la mashine ya ndani. Yatoke yote nje kwa bomba. Yakibaki, ameweka mteremko vibaya, na yatamdondokea mama kitandani.