Naomba ushauri: mkimbiaji wa mita 100 anayeondoka kabla ya mlio

Wadau wa riadha, salaam. Ninamfundisha kwa kujitolea kijana wa miaka 17 hapa Temeke, Dar es Salaam, ambaye ana kasi ya kuridhisha katika mita 100 lakini huondoka kabla ya mlio, na katika mashindano ya karibuni aliondolewa kwa kosa hilo.

Ninafahamu kwamba tangu mwaka 2010 kanuni za mbio hizi hazitoi onyo la kwanza. Usain Bolt mwenyewe, aliyeweka rekodi ya sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, aliondolewa katika fainali ya Mashindano ya Dunia ya Daegu mwaka 2011, na Yohan Blake akashinda kwa sekunde 9.92. Nilimwonyesha kijana video ile nikitumaini ataogopa; badala yake alifarijika.

Shida ni kwamba nikimsisitizia asubiri, anasubiri kupita kiasi na kuachwa hatua nzima, ilhali fainali ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 iliamuliwa kwa sekunde 0.005 kati ya Noah Lyles na Kishane Thompson. Hatuna bastola wala vifaa vya kukanyagia wakati wa kuanza. Ninapiga makofi, na ninashuku kwamba anafuata mwendo wa mikono yangu badala ya sauti. Je, nisimame nyuma yake na kubadilisha kila mara muda kati ya "tayari" na kofi, au walimu wenye uzoefu mna zoezi lingine linalofaa zaidi?