Naomba ushauri: injini ya boti iliyolala miaka 6

Habari zenu ndugu na wakubwa wangu. Niko Kalangala, Uganda, nimerithi kwa marehemu baba injini ya boti ya tuu-stroki (ile inayotumia petroli iliyochanganywa na oili), nguvu za farasi 40. Ililala stoo tangu 2019.

Petroli ya zamani nimeimwaga. Ilinuka kama vanishi. Nimesafisha kabureta, nimeweka plagi mpya, nimechanganya petroli na oili 50 kwa 1, kisha nikaijaribu ndani ya pipa la maji. Iliwaka mvuto wa nne! Lakini baada ya dakika moja inakata. Nikiibonyezabonyeza ile pampu ya mpira kwenye bomba la mafuta, inaendelea. Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba kitundu cha nyuma, kinachoonyesha kwamba maji ya kupoza injini yanazunguka, hakitoi maji hata tone. Nimeizima, sitaki iungue.

Naomba kujua: kukata huko kunatokana na ngozi ya pampu ya mafuta kukauka, au bado nirudi kwenye kabureta? Na maji yasipotoka, nibadilishe impela (kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ya kupoza) moja kwa moja, au nianze kuzibua njia za maji? Kushusha mguu wa injini (sehemu ya chini yenye propela) sijawahi, kwa hiyo aliyewahi kuifanya kazi hiyo anielekeze taratibu.